Zana za mkono za kuchimbia unapotembea na detekta: kuchagua, kutengeneza na kutumia kwenye ardhi ya Lindi na Mtwara

Kazi ya detekta, mashine ya kutafutia metali iliyozikwa, inaishia kwenye mlio. Kuanzia hapo ni chuma, mpini na mkono wako, na hapo ndipo hasara nyingi hutokea: punje ya dhahabu inazikwa tena kwenye kifusi, pete inakatwa na ncha ya sururu, shimo la dakika tatu linakula nusu saa. Watu hutoa fedha nyingi kununua mashine, kisha hutoka nyumbani na jembe la palizi lililolegea mpini. Mwongozo huu unahusu zana hizo, kwa udongo wa kwetu Kusini.

Udongo ndio unaochagua zana

Pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, juu kuna mchanga na chini yake mara nyingi kuna mwamba wa matumbawe. Mchanga unataka kuchotwa na kuchekechwa. Matumbawe yanataka ncha nyembamba ya chuma inayoingia kwenye mashimo yake, maana jembe hugonga na kurudi.

Uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na majirani zao, una udongo mwekundu wa kichanga. Wakati wa mvua unachimbika hata kwa mkono, lakini kufikia Septemba unakuwa kama tofali. Hata hivyo kuta zake haziaminiki, kwa sababu mchanga huo ukishachimbuliwa na kukauka hausimami. Shimo likifika goti, lipanue kwanza ndipo uendelee, na usiingize kichwa wala kifua ndani.

Ruangwa na Nachingwea kuna mchanganyiko: changarawe nyekundu yenye chuma, mawe meupe ya kwatzi, na mabondeni udongo mweusi wa mbuga. Huo wa mbuga hupasuka nyufa kiangazi, na vitu vidogo huteleza kwenye nyufa hizo hadi chini, vingine vikasimama wima. Sarafu iliyosimama wima hutoa mlio mwembamba unaokuja na kupotea, kwa hiyo usiudharau. Udongo huohuo ukilowa unang'ang'ania beleshi. Tembea na kijiti bapa cha kukwangulia.

Mvua zetu zinakuja kwa msimu mmoja, takriban kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei. Mei na Juni ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa kuchimba, kwani ardhi bado ina unyevu na majani yameanza kulala.

Sururu fupi, zana kuu ya bara

Kwa changarawe ya Ruangwa, zana moja inayobeba kazi nyingi ni sururu fupi: upande mmoja bapa kama jembe, upana sentimita 8 hadi 10, upande wa pili ncha ya sentimita 15 hivi. Kichwa kiwe na uzito wa kilo 1 hadi 1.5, mpini sentimita 60 hadi 70. Ukipima kwa mkono ulionyooka kando ya mwili, mpini ukisimama ardhini ufike karibu na ncha za vidole. Mpini mrefu kuliko huo unakufanya upige kwa nguvu kupita kiasi, na mfupi sana unakuinamisha mgongo kutwa. Sururu ya barabarani ya kilo 3 ina kazi yake, lakini hapa itakuchosha kabla ya saa nne asubuhi na itavunja unachokitafuta.

Kama huipati dukani, mhunzi anaweza kukutengenezea kwa bapa la springi ya gari. Mpelekee bapa la springi ya pikapu, unene milimita 6 au 7, na umwambie mambo manne.

Kwanza, akate kutoka kwenye sehemu zilizo safi, kati ya tundu la katikati na jicho la mwisho. Tundu la katikati la bolti, na karibu na jicho la mwisho, ndiko mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho huanzia. Springi iliyokatika garini huwa na mipasuko mingine zaidi, hivyo ikague vizuri au uiache.

Pili, ncha na makali tu ndivyo vikaziwe, yaani vifanywe vigumu kwa moto, jicho la mpini libaki laini. Jicho lililokaziwa hupasuka.

Tatu, chuma kikishakuwa chekundu kinachokaribia rangi ya chungwa, kizamishwe kwenye oili, hata oili chafu ya injini. Kisizamishwe kwenye maji. Chuma cha springi kikiingia majini ghafla hupasuka, na mara nyingine ufa hauonekani mpaka siku unapogonga jiwe.

Nne, baada ya oili lazima kirudishwe motoni taratibu mpaka sehemu iliyosuguliwa ionyeshe rangi ya bluu. Hatua hii ndiyo wanayoiruka wengi, wakapata ncha ngumu kama kioo inayomeguka siku ya kwanza. Jaribu kwa tupa: ikiteleza kabisa bila kushika, bado ni ngumu mno, ikila kwa urahisi kama kwenye nondo, imelainika mno. Tupa ishike kidogo, kwa kubishana.

Ukinoa kwa grainda, chovya majini kila baada ya sekunde chache. Makali yakigeuka bluu kwa joto la jiwe la grainda, ukazaji wa mhunzi umepotea mahali hapo. Mimi nashauri tupa. Ni polepole, lakini haiharibu. Makali yawe butu kiasi, kama ya jembe jipya, kwa sababu makali membamba hukunjika kwenye changarawe.

Mpini: mkole ni mti mzuri kwa sababu unanyumbuka na kurudi. Mpingo tunao kwa wingi na ni fahari ya wachongaji wa Kimakonde, lakini kwa mpini wa kupigia ni mzito na hupasuka kwa mshtuko. Mkorosho ni dhaifu, uache. Tazama mstari wa nyuzi za mti: ziende sambamba na mpini mwanzo hadi mwisho. Zikitoka kwa mshazari, mpini utavunjika hapo zinapotokea. Uingizwe kwa kupitia juu ya jicho, kichwa cha mpini kikiwa kinene, ili kila unapopiga ujikaze wenyewe. Ile tabia ya kuloweka sururu kwenye ndoo usiku kucha ili mpini ukaze hudumu siku moja. Mti ukikauka husinyaa zaidi ya ulivyokuwa.

Kitu kimoja kidogo kinachookoa muda mwingi: funga sumaku kwenye kichwa cha sururu. Sumaku ya spika mbovu inatosha, ikikazwa kwa gundi ya epoksi na mpira wa tyubu. Ipitishe kwenye kifusi kabla ya kuanza kusaka, na misumari, vipande vya waya na kutu vitanasa. Kwenye changarawe nyekundu vitanasa pia vijiwe vyenye chuma. Vipitishe juu ya koili, yaani kile kichwa cha detekta kinachopitishwa ardhini, kabla ya kuvitupa. Kijiwe kinacholia na kunaswa na sumaku kimejieleza chenyewe.

Kisu cha kuchimbia, kwa nyasi na viwanja

Kwenye uwanja wa mpira, ua wa nyumba au pembeni mwa njia, sururu ni ukatili. Hapo chukua kisu kinene cha kuchimbia: urefu wa bapa sentimita 17 hadi 20, upana 4 hadi 5, unene milimita 3, upande mmoja ukiwa na meno ya kukatia mizizi. Mwiko wa fundi mwashi hutumika sana badala yake na hukunjika mahali palepale kila mara: shingoni, pale penye kuchomelewa. Umetengenezwa kupaka udongo wa saruji, haujatengenezwa kukwanyua. Kama huna kingine, ukatie tu na usiukwanyulie. Kisu cha jikoni kiache jikoni, kwani kikikatika, kiganja chako ndicho kinachofuata.

Dumu

Hii ndiyo zana ya bei ndogo kuliko zote, na kwa dhahabu ndogo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 3 lenye mkono. Likate kwa mshazari, kuanzia chini kidogo ya shingo upande wa mkono hadi karibu na kitako upande wa pili, ukiacha mkono na mfuniko mahali pake. Utapata chombo chenye mdomo mpana unaochota vizuri, mkono wa kushikia, na hakina hata chembe ya metali. Mfuniko ufungwe kabisa. Lainisha ukingo kwa kuupitisha haraka juu ya moto, usije ukakata vidole. Dumu jembamba hukunjika mdomo, kwa hiyo tafuta lenye plastiki ngumu.

Kwa nini plastiki? Kwa sababu utalipitisha juu ya koili likiwa na udongo, na chombo cha bati au cha chuma kisichoshika kutu kingelia chenyewe. Kwa sababu hiyohiyo vua pete, bangili na saa ya mkono unaochotea.

Mtaimbo, moko na nyundo

Mtaimbo wa mita 1.2 hadi 1.5 unatosha kwa udongo mkavu wa Oktoba. Kazi yake ni kulegeza pembeni, na kamwe usiushushe juu ya mlio. Moko, yaani patasi ya chuma ya kupasulia mawe, na nyundo ya kilo 2 ni kwa nyufa za kwatzi na matumbawe. Vaa miwani ya kukinga macho, maana kwatzi hurusha vipande vikali kama chupa. Kichwa cha moko kikishaota "uyoga" kwa kupigwa, kisage. Vile vipande vya pembeni huruka kama risasi.

Ruhusa kwanza

Zana ukiwa nazo begani, watu wanakuona mchimbaji hata kama unatafuta funguo zilizopotea. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, kisha kwa mwenye shamba. Kwenye mikorosho usichimbe chini ya mti wakati wa msimu wa kuokota, takriban Oktoba hadi Desemba. Wakulima wamefagia pale chini ili korosho zionekane, na shimo lako linameza korosho na kuvunja mguu wa mama anayeokota alfajiri.

Kwa dhahabu, eneo liwe lako kwa leseni ya uchimbaji mdogo au uwe na kibali cha mwenye leseni. Ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa ndiyo ya kuuliza.

Mahali pengine pa kuachwa kabisa: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, mji mkongwe wa Mikindani, na Tendaguru ya mifupa ya mijusi mikubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na inakataza kuvichimba bila leseni. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimesaidia wanahistoria kufuatilia biashara ya Bahari ya Hindi, lakini kwa sharti kwamba zimeandikwa zilikuwa tabaka gani na kando ya nini. Ikishang'olewa na kuwekwa mfukoni, imebaki shaba tu. Ukiikuta kwa bahati mahali pengine, iache ilivyo, weka alama na utoe taarifa. Makaburi, hata yale yasiyo na jiwe, usiyaguse.

Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo uliza wahifadhi kabla ya kutia koleo. Ufukwe wowote ule, juu ya mstari wa maji ya bamvua ndiko kasa hutaga.

Hatua za kuchimba kwenye changarawe

Ukipata mlio, pitisha koili kwa njia mbili zinazokatana kama msalaba. Pale unapozidi nguvu kwa njia zote mbili ndipo katikati. Weka alama kwa kidole au kijiti, usitegemee macho.

Kisha kwangua juu kwa bapa la sururu, sentimita 2 au 3 tu, na upime tena. Hatua hii inaamua mengi. Mlio ukiongezeka, kitu kiko chini na umekikaribia. Ukitoweka kwenye shimo na kuonekana kwenye kile ulichokwangua, kitu kimeshatoka. Ukitoweka kote, ama ulikuwa udongo wenye chuma uliotulia baada ya kukwanguliwa, ama kitu kimegeuka ubavu. Pima mara moja zaidi kwa upande mwingine kabla ya kuondoka.

Ukiendelea, anza kuchimba sentimita 10 hadi 15 nje ya alama, upande wako. Shusha ncha, legeza, kisha vuta udongo kuja kwako kwa bapa. Unakula ukuta kuelekea kwenye kitu. Ukifanya hivyo, kitu kinaporomoka chenyewe pamoja na udongo badala ya kupigwa kutoka juu. Kifusi chote kiwekwe upande mmoja, juu ya turubai au gunia lililofunguliwa. Kifusi kilichotapakaa pande zote ndicho kinachopoteza dhahabu.

Kila baada ya sentimita 5 pima shimo, na kabla ya kupima, sururu iwe umbali wa mita 1.5 au zaidi. Wengi huilaza pembeni mwa shimo na kushangaa mlio hauishi. Viatu vyenye chuma mbele hufanya hivyohivyo.

Mlio ukihamia kwenye kifusi, laza koili chini ikiwa tambarare, mbali na shimo. Chota kwa dumu, pitisha juu ya koili. Halilii, mwaga pembeni. Likilia, gawa udongo: nusu mkononi, nusu dumuni. Pitisha kila nusu. Tupa ile iliyo kimya, gawa tena ile inayolia. Katika mizunguko mitano au sita umebaki na kijiko kimoja cha udongo. Sasa shika udongo huo kiganjani na udondoshe kidogokidogo juu ya koili, kama unavyotia chumvi. Kitu kikigusa koili utasikia mlio mfupi, mkali, na kitakuwa kimelala palepale, mara nyingi kimevaa koti jekundu la udongo lisilofanana kabisa na dhahabu. Osha kwanza ndipo uamue.

Kisha pima shimo mara ya mwisho. Punje mara nyingi hazikai peke yake.

Kwenye nyasi

Kata pande tatu kwa kisu, umbo la mlango, upana sentimita 12 hadi 15 na kina 10. Upande wa nne uache kama bawaba, na uwe ule unaoelekea mteremko wa juu, maji ya mvua yasije yakauinua. Funua bonge taratibu. Pima shimo, kisha pima uso wa chini wa bonge lenyewe, maana vitu vingi hubaki vimeng'ang'ania hapo. Udongo mlegevu uende kwenye kitambaa. Ukimaliza rudisha udongo wote, funika, kanyaga kwa kisigino, na kiangazi mwagia kikombe cha maji. Vitu vingi vidogo viko ndani ya sentimita 25, hivyo ukipita hapo bila kukiona, huenda unafuata bomba la maji au bati lililozikwa.

Ufukweni

Zana hapa ni koleo la kuchekechea: bati nene au chuma kisichoshika kutu, umbo la ndoo iliyokatwa, matundu ya milimita 8. Tundu la milimita 12 humwaga mchanga haraka lakini hereni hupita. La milimita 5 huziba kwa mchanga mbichi. Mpini wa mita 1 hadi 1.2, na pahali pa kukanyagia kwa mguu palipochomelewa pande zote mbili.

Nenda maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inapoacha wazi sehemu kubwa. Mlio ukiuweka alama kwa kisigino, simika koleo sentimita 10 nyuma yake kwa mshazari, kanyaga mpaka lizame, inua mara moja. Mwaga pembeni na upime shimo kwanza. Ukianza kuchekecha wakati kitu bado kimo shimoni, ukuta wa mchanga mbichi unabomoka na kitu kinateleza chini zaidi. Kama bado kinalia, chota pana kuliko awali kabla ya kwenda chini.

Chuma kisichostahili kupigwa

Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vikali Mahiwa, ndani ya Mkoa wa Lindi, na risasi na makombora ya vita ile hayakuokotwa yote. Ukifunua kitu cha chuma cha mviringo, chenye ncha upande mmoja au pete ya shaba kiunoni, simama. Usikigonge, usikivute, usikimwagie maji. Weka alama unayoweza kuiona ukiwa mbali, rudi kwa njia uliyoijia, mjulishe mtendaji na polisi. Hii ni sababu nyingine ya kuchimba kutoka ubavuni.

Mawe yageuze kwa ncha ya sururu, vidole viwe nyuma. Nge hulala chini yake kutwa.

Kurudi nyumbani

Zana za pwani zioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi siku ileile, zikaushwe juani, zipakwe grisi au oili nyembamba, hasa kwenye viungo vya kuchomelea, ambako kutu huanza bila kuonekana. Gonga kitako cha mpini chini kuona kama kichwa cha sururu kimelegea. Piga tupa mara nne tano kila upande wa makali kila jioni, badala ya kungoja yawe mviringo. Ikague ncha kwenye mwanga wa ubavu: mstari mwembamba mweusi unaokatiza upana wa chuma ni ufa, na sururu hiyo irudi kwa mhunzi kabla haijapiga jiwe jingine.